Hivi kweli alisema hivyo? Namna ya kuijua nukuu ya kweli na nukuu ya kupikwa

Juzi usiku grupu letu la ukoo lilichafuka. Shangazi yangu katuma picha ya kiongozi mmoja, pembeni yake maandishi meupe kwenye bango jekundu, maneno makali ya kuwadharau wafanyabiashara wadogo, na chini kabisa logo ya chombo cha habari ambacho wote tunakijua. Haikupita muda watu wakaanza kulaani, mjomba akaandika "nilijua tu huyu mtu yuko hivi", binamu mmoja akaanza kumtetea, wakarushiana maneno mpaka mambo ya zamani ya shamba la babu yakaingizwa humohumo. Na katika watu arobaini na kitu waliomo mle, hakuna hata mmoja aliyeuliza hayo maneno yamesemwa wapi na lini.

Mimi hili jambo linaniuma kwa kweli, kwa sababu watu wanagombana na kuchukiana, wengine wanabadilisha hadi kura zao kwa ajili ya maneno ambayo hayakuwahi kutoka mdomoni mwa mtu. Na upande wa pili kuna viongozi wamesema kweli mambo mabaya kabisa, wakibanwa wanajibu "hiyo ni feki" na wanapona, maana feki zimekuwa nyingi mpaka na kweli haiaminiki tena. Kwa hiyo nimeona tulichambue polepole, tuanzie chini.

Nukuu ni maneno ya mtu mwingine unayoyarudisha vilevile alivyoyasema. Ukishaweka zile alama za kufungua na kufunga unakuwa umetoa ushahidi, yaani unasema hivi ndivyo alivyotamka. Hiyo ni tofauti na kusema kwa ufupi alichomaanisha, hapo unatumia maneno yako na ukikosea kosa ni lako. Halafu kuna neno chanzo, hili watu wanalichanganya sana. Chanzo sio aliyekutumia, na sio grupu ulikoitoa, chanzo ni mahali maneno yalipotamkwa au kuandikwa mara ya kwanza, mkutano gani, siku gani, mbele ya nani. Na la tatu ni muktadha, maana yake kilichotangulia na kilichofuata, alikuwa anajibu swali gani, au labda alikuwa anamsimulia mtu mwingine.

Fikiria unanunua kiwanja. Jamaa anakupeleka eneo, anakuonyesha mipaka, kiwanja kizuri, bei nzuri. Utatoa hela palepale? Huwezi. Utamuuliza wewe ulinunua kwa nani, yeye atakwambia kwa fulani, na huyo fulani alipata wapi, utadai karatasi za mauziano, utaenda serikali ya mtaa, utawauliza majirani. Uzuri wa kiwanja hauthibitishi umiliki, tena kikiwa kizuri mno na bei ni ya kutupa ndio unapata wasiwasi zaidi. Nukuu ni vilevile kabisa. Swali sio "yanafanana na mtu yule?", swali ni "yametoka kwake mpaka kwangu kwa kupitia mikono ya nani?"

Na wala hii sio elimu mpya iliyoletwa na intaneti. Waliosoma madrasa wanajua jinsi wanazuoni wa hadithi, yaani masimulizi ya maneno na matendo ya Mtume Muhammad, walivyofanya kazi hii zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, akina Imam Bukhari aliyefariki mwaka 870. Hadithi ina vipande viwili, matini, yaani maneno yenyewe, na sanad, ule mlolongo wa wapokezi kwamba huyu kasikia kwa huyu na huyu kasikia kwa yule. Wakawa wanamchunguza kila mtu kwenye mnyororo, je aliishi zama moja na huyo anayedai kumsikia, je walikutana, je kumbukumbu yake ilikuwa nzuri, je ni mkweli. Mnyororo ukikatika hadithi inaitwa dhaifu hata kama maneno yake ni mazuri na yana mafunzo, na iliyobainika kutungwa inaitwa hivyohivyo, ya kutungwa. Uzuri wa maneno haukuwa cheti. Mimi naona hapa ndipo penye kila kitu, ukielewa hili la sanad mengine yote ni kutafuta tu vifaa.

Sasa tuone mifano, na nianze na mkubwa ambao unatuhusu.

Tarehe 30 Juni 1960, Kongo inapata uhuru. Sherehe ziko Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo. Mfalme Baudouin wa Ubelgiji anahutubia na kumsifia Leopold wa Pili, yule ambaye utawala wake uliwamaliza Wakongo kwa ajili ya utomvu wa mpira na pembe za ndovu. Rais Kasa-Vubu anajibu kwa upole. Halafu Patrice Lumumba, waziri mkuu, ambaye hakuwa kwenye ratiba ya kuongea, anasimama. Mpaka leo ukiingia mtandaoni utakuta picha yake ile ya miwani na maneno haya, kwamba alimgeukia mfalme akamwambia kuanzia leo sisi sio nyani wenu tena. Watu wanaiweka stetasi kila Juni, walimu wanaisema darasani, nimeikuta hata kwenye fulana.

Hotuba ile ipo. Ilirushwa redioni, sauti ipo, maandishi yake kwa Kifaransa yapo neno kwa neno, na hiyo sentensi ya nyani haimo. Alichosema ni hiki, natafsiri: tumejua kejeli, matusi na mapigo tuliyolazimika kuyavumilia asubuhi, mchana na jioni kwa sababu tulikuwa weusi. Akaendelea (kwa Kifaransa "tu" ni wewe ya kumwambia rafiki au mdogo wako, "vous" ni ya heshima), nani atasahau kwamba Mweusi aliitwa kwa "tu", sio kama rafiki anavyoitwa, bali kwa sababu lile "vous" la heshima lilikuwa la Wazungu peke yao. Ukiisoma hiyo unasikia mtu mzima anaeleza unyonge wa kila siku wa baba yake na mama yake, mtu anayejua kwamba hata salamu ilikuwa kipigo. Kwangu mimi maneno ya kweli yana uzito mara kumi kuliko hayo ya nyani, lakini ni marefu, hayaingii kwenye fulana, ndio maana yale mafupi yakashinda. Na kwa kumbandikia ya uongo tunamnyang'anya Lumumba maneno yake mwenyewe, mtu ambaye miezi saba haijatimia toka siku ile, tarehe 17 Januari 1961, alikuwa ameshauawa.

Kwa hiyo uongo wa nukuu sio lazima uwe wa kumchafua mtu, mara nyingi ni wa kumsifia, na huo wa kumsifia ndio mgumu kuukamata kwa sababu nani atataka kuupinga.

Chukua Mandela. Kuna maneno yanasema hofu yetu kubwa sio kwamba hatutoshi, hofu yetu ni kwamba tuna uwezo usio na kipimo, na wanaambatanisha kwamba ni kwenye hotuba yake ya kuapishwa mwaka 1994. Mimi mwenyewe niliyasoma kwenye mahafali mbele ya wazazi, kwa jina la Mandela, na watu wakapiga makofi. Hotuba ya kuapishwa ya tarehe 10 Mei 1994 ipo, isome yote, hayamo. Ni ya mwandishi wa Marekani anaitwa Marianne Williamson, yako kwenye kitabu chake A Return to Love cha mwaka 1992. Hakuna aliyeyatunga kwa nia mbaya, yalihama tu mwenyewe, maana maneno mazuri yakikosa jina kubwa watu wanayatafutia.

Kuhama huku kuko kila mahali. Ile ya "sikubaliani na unachosema lakini nitatetea mpaka kufa haki yako ya kukisema" inayopewa Voltaire, mwandishi wa Ufaransa, iliandikwa mwaka 1906 na Mwingereza Evelyn Beatrice Hall, alikuwa anaeleza msimamo wa Voltaire kwa maneno yake yeye, na Voltaire alishakufa toka 1778. Hapo unaona jinsi muhtasari unavyogeuka nukuu. Na ile ya malkia Marie Antoinette wa Ufaransa kuambiwa watu hawana mkate akajibu basi na wale keki, kisa hicho kiko kwenye kumbukumbu za mwandishi Rousseau alizoziandika miaka ya 1760 akimtaja binti mfalme bila jina, wakati Marie Antoinette alikuwa mtoto yuko kwao Austria, Ufaransa alikwenda 1770. Lile swali la wanazuoni la zama linaumaliza mjadala papo hapo.

Karibu na kwetu kuna ile ya Wazungu walipokuja walikuwa na Biblia na sisi tuna ardhi, wakatuambia tufumbe macho tusali, tulipofumbua sisi tuna Biblia na wao wana ardhi. Kenya utaambiwa ni Jomo Kenyatta. Afrika Kusini utaambiwa ni Askofu Desmond Tutu, na Tutu kweli aliisimulia hadharani kama kichekesho chenye uchungu. Ukiona maneno yaleyale yana baba wawili, kila mmoja kwenye nchi yake, jua unashughulika na msemo unaotembea. Msemo unaweza kuwa wa kweli kabisa kwa maana yake, ardhi ilichukuliwa, hilo halina ubishi, ila hiyo haikupi ruhusa ya kuandika jina la mtu chini yake bila siku na mahali.

Kuna aina nyingine ambayo maneno ni ya mtu kweli lakini yamepita kwenye tafsiri, na sisi tunaotumia lugha mbili tatu kwa siku ndio tunaumia nayo zaidi. Wote tunajua maneno ya Mwalimu Nyerere kuhusu Mwenge, kuuwasha na kuuweka juu ya mlima Kilimanjaro umulike hata nje ya mipaka yetu, ulete tumaini pale ambapo hakuna matumaini, upendo mahali penye chuki na heshima palipojaa dharau. Wengi wanadhani aliyasema siku ya uhuru, Desemba 1961. Aliyasema mapema zaidi, Oktoba 1959, kwenye Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, na kwenye kumbukumbu za Kiingereza neno lililopo ni mshumaa, mwenge ulikuja kwenye Kiswahili. Nukuu hii ni halali, sanad yake imenyooka, lakini ona jinsi neno moja linavyoweza kugeuka na tarehe ikasogea miaka miwili bila mtu yeyote kudanganya. Sasa kama hilo linatokea kwa maneno tunayoyaheshimu hivi, je maneno ya mwanasiasa aliyehojiwa kwa Kiingereza akatafsiriwa haraka haraka na mtu anayemchukia?

Halafu ndio tunafika kwenye zile za kupikwa makusudi. Mwaka 2015 mtandao mmoja wa Kenya uliandika kwamba Robert Mugabe, rais wa Zimbabwe wakati ule, kasema Wakenya wizi uko kwenye damu yao. Hasira zikawaka, upande wa Zimbabwe ukakanusha, lakini mpaka leo kuna Mkenya anayaamini. Mugabe alibandikwa maneno mengi sana ya mzaha kuhusu wanawake, mapenzi, kila kitu, kwa sababu alikuwa na ulimi mkali kweli, na ukiwa na sifa hiyo kila mtunzi anakuletea mzigo wake uubebe.

Hapa ndipo penye mtego mkubwa, ile hoja ya "lakini si inaendana naye". Mwaka 2018 ilisambaa kwamba Rais Magufuli kawahimiza wanaume Watanzania waoe wake wengi, serikali ikatoka kusema habari hiyo ni ya uongo. Mwaka huohuo, Septemba, akiwa Simiyu, kweli alisimama jukwaani akawaambia watu waachane na kupanga uzazi, wazae, na anayeogopa ni mvivu asiyetaka kulisha watoto. Hiyo ya pili iliripotiwa na waandishi waliokuwepo, siku inajulikana, mahali panajulikana. Mtu anayemfahamu angesema zote mbili zinafanana naye, na angekuwa sahihi, lakini moja alisema na moja hakusema. Kufanana naye ndiko kunakompa mtunzi njia, hawezi kutunga kitu ambacho hutakiamini.

Na kinyume chake pia ni kweli. Mwaka 1972 Idi Amin alimtumia Mwalimu Nyerere simu ya maandishi, yaani telegramu, magazeti ya wakati ule yakairipoti, akimwambia anampenda sana na kama angekuwa mwanamke angefikiria kumuoa japo kichwa kina mvi. Ukiletewa hiyo leo kwenye wasap utasema hiyo feki, haiwezekani rais aandike hivyo. Kwa hiyo akili yako peke yake, kwamba hii inaingia akilini na ile haiingii, haitoshi kwa upande wowote.

Basi unafanyaje ukiwa na simu yako tu na bando la kubahatisha.

Kwanza angalia kama ina siku na mahali. Picha nyingi za kupikwa hazina, kuna jina, maneno na hasira basi. Mtu mkubwa haongei porini, anaongea bungeni, kwenye mkutano, kanisani, msikitini, kwenye mahojiano, na huko kuna watu wengine na kamera. Kama kiongozi wa nchi katamka neno la kutikisa taifa na aliyelisikia ni bango moja tu jekundu, hapo pana tatizo.

Pili chukua maneno machache ya katikati, yale ya pekee, yaweke ndani ya alama za kunukuu ukatafute Google, zile alama zinamlazimisha atafute mfuatano huohuo. Angalia nani wa kwanza kuandika. Wakiwa ishirini wote wamenukuu sehemu moja hao sio mashahidi ishirini, ni shahidi mmoja na wenye kurudia kumi na tisa, na hili watu wanalisahau kabisa, wanasema "mbona iko kila mahali".

Kama ina logo ya chombo cha habari, ingia kwenye akaunti yenyewe ya chombo hicho uitafute hiyo posti. Kutengeneza kadi inayofanana na ya BBC, Mwananchi, Nation au Citizen ni kazi ya dakika tano, na vyombo hivi vimeshazoea kuchukua kadi za namna hiyo na kuzigonga neno FEKI kwa herufi nyekundu. Zitazame kwa utulivu utaona fonti sio yenyewe, nafasi kati ya herufi imebanana, kuna kosa la tahajia, tarehe haipo au haiendani na siku. Ila usitegemee macho tu maana wanazidi kuwa mafundi.

Kama wanasema kaongea bungeni ndio rahisi zaidi. Bunge letu la Tanzania lina taarifa rasmi ya kila kilichosemwa, Hansard, na Bunge la Kenya vilevile, ziko kwenye tovuti zao, unashusha faili la siku hiyo unatafuta neno. Watu hawajui kwamba hiki kitu ni chao na ni bure. Na picha yenyewe unaweza kuitafuta kwa Google Lens, inayotafuta kwa picha badala ya maneno, ukakuta ni ya mkutano wa miaka sita nyuma kwenye mkoa mwingine.

Ukikwama kuna watu ambao kazi yao ndio hii, Africa Check toka 2012, PesaCheck, Congo Check kwa ndugu zetu wa Kongo, na JamiiCheck hapa Tanzania. Mara nyingi utakuta hiyo unayohangaika nayo walishaichambua.

Kuna mambo mawili matatu watu wanayasema kama ushahidi na sio ushahidi. "Kuna klipu nimemuona kwa macho yangu." Klipu ya sekunde kumi na mbili imekatwa toka kwenye hotuba ya saa moja, mtu alisema "kuna watu wanasema wakulima ni wavivu, hao ni waongo", mkataji akabakiza "wakulima ni wavivu". Maneno yake, sauti yake, na bado ni uongo. Tafuta hotuba nzima, sikiliza dakika mbili kabla na mbili baada. Tena siku hizi na sauti yenyewe inatengenezwa, Machi 2022 ilitoka video bandia ya Rais Zelensky akiwaambia wanajeshi wa Ukraine waweke silaha chini, na Januari 2024 wapiga kura wa New Hampshire kule Marekani walipigiwa simu na sauti ya Biden wa bandia wakiambiwa wasiende kupiga kura ya mchujo. Voisi noti ya kufowadiwa isiyo na mwanzo wala mwisho usiipe uzito wowote.

"Hajakanusha." Mtu hawezi kukanusha kila kitu, na wengine wanashauriwa wakae kimya ili wasikuze jambo. Anayetakiwa kuthibitisha ni aliyeleta maneno. "Akaunti ina tiki ya bluu." Hiyo kwenye mtandao wa X inanunuliwa kwa hela, sio tena zile enzi za Twitter ya kuhakikiwa. Na skrinshoti ya "aliposti akafuta" ndio mbaya kuliko zote, kwa sababu imeshajitengenezea kinga, ukisema mbona haipo anakujibu si nimekwambia kafuta. Wakati mwingine ni kweli kafuta, ila hapo utafute waliomjibu kabla hajafuta, au kumbukumbu kwenye Wayback Machine, tovuti inayohifadhi nakala za kurasa za zamani, posti ya mtu mkubwa haiwezi kukaa hata dakika kumi bila kuacha nyayo.

Na baada ya yote hayo kuna wakati jibu linakuwa "haijathibitika", na hilo ni jibu kamili kabisa. Sio kwamba hakusema, ni kwamba hatuna sanad. Wanazuoni waliishi na daraja nyingi kati ya sahihi na ya kutungwa, sisi tunataka mbili tu, kweli au feki, tena sasa hivi.

Kwa shangazi sikumjibu kwenye grupu. Mtu mzima humsahihishi mbele ya wakwe na wajukuu, ataumia na atashikilia palepale. Nilimfuata pembeni, shikamoo shangazi, ile picha nimeingia kwenye akaunti yao wenyewe, hiyo posti haipo, na mkutano wanaousema haukufanyika siku hiyo, nikamtumia na skrinshoti aone. Akakaa kimya kama nusu saa. Halafu nikaona kwenye grupu ameandika kwamba wanangu msiisambaze ile picha, nimeambiwa si ya kweli, nisameheni. Watu watatu wakaweka dole gumba. Kesho yake asubuhi mama akanionyesha simu yake, picha ileile imeingia toka grupu la kikoba, imetumwa na mtu ambaye wala hatumjui, na juu yake kuna alama kwamba imeshafowadiwa mara nyingi.